Kabla hujalipia masta, hesabu matangazo ya kazi kwanza

Wenzangu wa Malindi mnaofikiria masta, kabla hujatoa hata shilingi tafuta matangazo kumi ya ile kazi yenyewe unayoitaka, ya MyGov (lile gazeti la matangazo ya serikali), ya kaunti, ya mahoteli, alafu hesabu ni mangapi yanasema masta ni lazima na mangapi yanataka tu uzoefu. Kama unataka kufundisha chuo kikuu hapo hakuna mjadala, nenda. Lakini kwa hoteli za huku Casuarina meneja atakuuliza umefanya misimu mingapi na Kitaliano chako kikoje, basi.

Alafu piga hesabu ya ukweli, ada si ndo gharama pekee, kuna nauli ya matatu mpaka chuoni Kilifi kila wikendi, kama kilomita 60 kwenda na zingine hizo kurudi, na kuna tasnifu ambayo ndo inakwamisha watu, mimi masomo ya darasani nilimaliza kwa mwaka mmoja tasnifu ikanila miwili. Na bosi wako muulize sasa hivi, kwa maandishi yakhe, ukimaliza mshahara unapanda ama utapewa pongezi tu.