Waumini na biashara ya kuuza watu: kazi inaanzia ndani ya kanisa

Wakala anayesaka watu wa kuwatumbukiza utumwani hufaulu au hushindwa kwa jambo moja: kuaminiwa. Kanisani watu tayari wanaaminiana. Akipewa dakika mbili wakati wa matangazo, au akitambulishwa kwa vijana na mzee wa kanisa anayeheshimika, hana tena kazi ya kumshawishi mzazi. Ndiyo maana usharika unaotaka kupambana na biashara hii usianze kwa maandamano wala fulana zenye kaulimbiu. Uanze na matangazo yake wenyewe, uingie kwenye nyumba za waumini wake, ndipo utoke nje.

Mjue mnachokitafuta

Itifaki ya Palermo, makubaliano ya kimataifa dhidi ya biashara ya kuuza watu yaliyopitishwa na Umoja wa Mataifa Novemba 2000, inataja mambo matatu yanayoitambulisha biashara hiyo. Kuna kitendo: kumsajili mtu, kumsafirisha, kumhifadhi au kumpokea. Kuna njia: nguvu, vitisho, ulaghai, kutumia unyonge wake, au kumlipa mtu mwenye mamlaka juu yake. Na kuna lengo la kumnyonya: ukahaba, kazi ya kulazimishwa, utumwa, kutolewa viungo. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, njia si lazima ithibitishwe. Kitendo na lengo vinatosha. Kwa mtu mzima, ridhaa yake haihesabiki pale ulaghai au vitisho vilipotumika. Hili waumini walishike vizuri, kwa sababu jibu linalosikika mara nyingi ni "si alikubali mwenyewe?"

Wala si lazima mpaka wa nchi uvukwe, na minyororo haionekani. Kinachomzuia mtu kuondoka ni deni, pasipoti iliyofungiwa kwenye kabati la mwajiri, mshahara wa miezi kadhaa ambao hajalipwa, au vitisho dhidi ya ndugu zake. Makadirio ya Shirika la Kazi Duniani (ILO), Shirika la Kimataifa la Uhamiaji (IOM) na shirika la Walk Free yaliyotolewa 2022 yanasema watu milioni 49.6 walikuwa katika utumwa wa kisasa mwaka 2021: milioni 27.6 katika kazi za kulazimishwa, na milioni 22 katika ndoa za kulazimishwa. Hesabu hii ya ndoa inaligusa kanisa moja kwa moja. Mchungaji au padri anayefungisha ndoa azungumze na bibi harusi peke yake, bila mzazi wala mchumba chumbani, siku kadhaa kabla ya ibada, na amuulize waziwazi kama angependa ndoa hii isiwepo.

Matangazo ya kazi

Teueni watu wawili, mwanamke na mwanamume, wasiokuwa na undugu na wakala yeyote. Tangazo lolote la kazi ya mbali, masomo ya bure au ufadhili liwafikie kwa maandishi wiki mbili kabla ya kusomwa. Wao wakague haya:

1. Leseni ya wakala. Nakala haitoshi. Waulize ofisi ya serikali inayosimamia ajira, kwa namba ya simu waliyoitafuta wenyewe, si ile iliyochapwa kwenye karatasi ya wakala.
2. Mkataba. Uwe kwa lugha ambayo mwombaji anaisoma, utaje jina na anwani ya mwajiri, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani atalipa nauli ya kurudi.
3. Viza. Mtu anayekwenda kufanya kazi hapaswi kupewa viza ya utalii. Tangazo la namna hiyo likataliwe hapo hapo.
4. Ada. Mkataba wa ILO namba 181 wa mwaka 1997 unaweka kanuni kwamba mawakala binafsi wasimtoze mfanyakazi ada, ukiacha mianya michache tu. Wakala anayetoza fedha nyingi kisha akajitolea kumkopesha mwombaji fedha hizo hizo, anatengeneza deni la kumfungia huko aendako.

Wakala halali atanung'unika kidogo, kisha ataleta karatasi. Mwingine atasema nafasi zinajaa kesho. Huyo msimruhusu kusimama mbele ya watu.

Msidhani wanaonaswa ni wasiosoma tu. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilieleza Agosti 2023 kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar, na wapatao 100,000 nchini Kambodia, huenda walikuwa wakishikiliwa na kulazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wengi wao walikuwa wenye elimu, wanaojua kompyuta na lugha zaidi ya moja, walioahidiwa kazi nzuri ya ofisini. Kwa hiyo somo hili lifike pia kwa vijana wa vyuo.

Anayeamua kwenda, msimzuie kwa vitisho, mwandaeni. Nakala za pasipoti, viza, mkataba na tiketi zibaki kwa watu wawili tofauti. Akariri kichwani namba mbili za simu, moja ya ubalozi wa nchi yake, nyingine ya mtu wa nyumbani, kwa sababu simu yake inaweza kunyang'anywa siku ya kwanza. Kubalianeni neno la siri la kawaida kabisa, kwa mfano jina la shangazi asiyekuwepo, ambalo akilitaja kwenye mazungumzo mtajua hayuko salama. Mwambieni pia kwamba ujanja wa kawaida ni kumbadilishia mkataba akishafika, na kwamba ule wa kwanza, uliobaki nyumbani, ndio utakaokuwa ushahidi wake.

Nyumba za waumini

Hapa ndipo panapouma, na ndipo sharika nyingi hupita haraka. Msichana wa kazi aliyeletwa kutoka kwa ndugu maskini "asaidiwe kusoma", lakini hasomi; anaamka wa kwanza na kulala wa mwisho; mshahara wake unatumwa kwa mjomba au "unatunzwa" na mama mwenye nyumba; haruhusiwi kwenda popote isipokuwa kanisani, tena akiwa na watoto mgongoni. Familia inayofanya hivyo huenda inaketi kiti cha mbele.

Mahubiri yaseme hili kwa maneno ya wazi. Kutoka 21:16 inahesabu kumwiba mtu na kumuuza kuwa kosa la kifo, Kumbukumbu la Torati 24:14-15 inaagiza kibarua alipwe siku ile ile kabla jua halijachwa, na Yakobo 5:4 inasema ujira uliozuiwa unapiga kelele mbele za Mungu. Kisha viongozi waanze na nyumba zao wenyewe: umri unaoruhusiwa na sheria, mkataba, mshahara mkononi mwa mfanyakazi au kwenye akaunti yake, siku nzima ya mapumziko kila wiki, vitambulisho vyake anavitunza mwenyewe, na simu anaitumia bila kusikilizwa. Mkataba wa ILO namba 189 wa mwaka 2011, unaohusu wafanyakazi wa nyumbani, unataja mambo hayo karibu yote. Ulizeni vilevile kuhusu vibarua wa mkandarasi anayejenga kanisa lenu: wanalipwa lini, na nani ameshika vitambulisho vyao?

Dalili, na la kufanya siku ya kwanza

Dalili moja haithibitishi kitu. Zikikutana tatu au nne, chukueni hatua. Mtu hajibu mwenyewe, kuna anayejibu kwa niaba yake kila mara. Hajui anwani ya mahali anapoishi. Maelezo yake yanafanana neno kwa neno na ya wenzake. Ana majeraha yasiyotibiwa, nguo zisizolingana na hali ya hewa, hana fedha hata kidogo ingawa anafanya kazi kila siku. Analetwa na kuchukuliwa, haji wala haondoki mwenyewe.

Bandikeni namba za msaada ndani ya milango ya vyoo vya kanisa, kwenye karatasi ndogo inayoweza kuchanwa na kufichwa. Huenda chooni ndipo mahali pekee anapokuwa bila mlinzi.

Ukipata nafasi ya kuzungumza naye akiwa peke yake, uliza maswali machache na uache. Unaweza kuacha kazi hii ukitaka? Nani ana pasipoti yako? Unadaiwa na nani? Ukiondoka, unaogopa nini kitatokea? Mkalimani asiwe mtu wa mwajiri, wala mtoto. Usimwahidi kitu usichoweza kukitimiza, na usimpe kijitabu chenye namba za msaada kitakachokutwa mfukoni mwake.

Baada ya hapo andika tarehe, saa, mahali, sura ya watu, namba ya gari, na maneno yaliyosemwa jinsi yalivyosemwa, bila kuongeza tafsiri yako. Karatasi hiyo ifungiwe kwenye kabati lenye kufuli, si kwenye kundi la simu la wanakwaya. Usipige picha. Mtu mmoja aliyeteuliwa apige simu: polisi kama kuna hatari ya papo hapo, ustawi wa jamii kama ni mtoto, mkaguzi wa kazi, simu ya taifa ya msaada, ofisi ya IOM au shirika la kisheria kwa mengine. Mtu mzima asiye hatarini sasa hivi aulizwe kwanza anataka nini. Ameshanyimwa uamuzi kwa muda mrefu, kanisa lisimnyime tena. Namba hizo zitafuteni na kuzipigia kabla hazijahitajika, mjue nani anapokea usiku.

Makosa ya wenye nia njema

Kosa la kwanza ni kwenda kumtoa mtu wenyewe. Mwajiri akishtuka huhamisha watu usiku huo huo, ushahidi hupotea, na waliobaki nyuma hupigwa.

La pili ni letu hasa, watu wa kanisa: kupatanisha. Mfanyakazi anakimbilia kwa mchungaji, mchungaji anampigia mwajiri "tuusikie na upande wa pili", na jioni mfanyakazi anarudishwa akiwa ameombewa. Kumbukumbu la Torati 23:15 inakataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake. Mfano mwema uko kwa Josephine Bakhita, aliyezaliwa Darfur yapata 1869 na kuuzwa mara kadhaa. Alipokuwa kwa masista Wakanosa mjini Venice na mwanamke aliyekuwa akimmiliki akataka kumchukua, alikataa kuondoka. Mkuu wa nyumba ile alipeleka jambo kwa mamlaka, na tarehe 29 Novemba 1889 mahakama ikatamka kwamba yu huru. Masista walimpa hifadhi, mahakama ikampa uhuru wa kisheria. Hakuna aliyefanya kazi ya mwenzake. Sikukuu yake, 8 Februari, ni siku ya Kanisa Katoliki ya kuombea wahanga wa biashara hii tangu 2015, na inafaa kwa mafundisho katika kanisa lolote.

La tatu ni kulipa fedha ili mtu aachiwe. Miaka ya 1990 baadhi ya mashirika ya Kikristo yalikomboa watu kwa fedha nchini Sudan, na UNICEF miongoni mwa wengine ilipinga: fedha ya mkombozi inakuwa mapato ya mtekaji, na inamlipa ateke tena.

La nne huonekana kama wema mtupu: kuchangia na kutembelea vituo vya watoto yatima. Watoto wengi walio vituoni wana mzazi aliye hai. Wafadhili wanapolipa kwa kuhesabu vichwa, kuna anayekwenda vijijini kuwaomba wazazi watoto. Kabla ya sadaka kutoka, ulizeni kibali cha kituo, watoto wangapi wamerudishwa kwa familia mwaka uliopita, na kwa nini fedha hiyo isilishe familia nyumbani kwake.

Manusura akiwa kwenu

Kama alibakwa, hospitali ni kabla ya maombi marefu: dawa za kuzuia VVU lazima zianzwe ndani ya saa 72, na mapema zaidi ni bora. Asioge wala kufua nguo kabla ya uchunguzi, kama anataka kushtaki.

Asisimamishwe mbele kutoa ushuhuda. Waliomuuza wanaweza kuwa na masikio humo humo ndani, na kila kisa kinachosimuliwa hadharani kinaweza kutumiwa na wakili wa washtakiwa. Kumbukumbu zake zinaweza kuja zimekatika na kupishana; hiyo ni athari ya kiwewe, si dalili ya uongo, kwa hiyo ahojiwe mara chache iwezekanavyo na wataalamu. Msimharakishe kusamehe.

Wengine walilishwa kiapo kabla ya kusafirishwa, na hofu ya kiapo huwafunga kuliko kufuli. Machi 2018 Oba, yaani mfalme wa jadi, wa Benin nchini Nigeria, Ewuare II, alitangaza kufuta viapo vya namna hiyo na kuwalaani wanaoviendesha. Mchungaji asiicheke hofu hiyo wala kuifanyia tamasha jukwaani. Aisikilize faraghani, aombe naye kama ameomba aombewe, na ampeleke pia kwa mshauri nasaha.

Bajeti ipangwe kwa mwaka mzima, si kwa wiki ya msisimko: chumba kisichojulikana na watu wengi, nauli, matibabu, vitambulisho vipya, mafunzo ya kazi anayoitaka yeye. Anayemlea asiwe mmoja. Wawe watatu wanaopokezana. Kama alilazimishwa kuvunja sheria, kwa mfano kutumia hati bandia, wakili aelezwe hivyo mapema, maana nchi nyingi zina kanuni ya kutomwadhibu mhanga kwa kosa alilolazimishwa. Ujumbe wa simu, risiti na namba za wakala visifutwe hata kama vinamuumiza kuviona. Mtu mwingine avihifadhi kwa idhini yake. Kesi huahirishwa tena na tena, kwa hiyo pangeni mapema nani ataketi naye mahakamani kila tarehe, na mumuulize wakili tangu mwanzo kuhusu kudai mishahara ambayo hakulipwa pamoja na fidia, kwani madai hayo yana muda wa mwisho wa kuwasilishwa.