Jinsi ya kujua VX 100 ni ya mwaka gani kabla hujatoa hela

Umeenda kuangalia Land Cruiser VX 100 pale Sakina, dalali anakwambia hii ni modeli ya 2006, we usibishane nae, zunguka nyuma. Ya 2006 taa za nyuma ni LED na ile injini ya V8 (silinda 8) ya petroli lita 4.7 ishapewa VVT-i, yaani mfumo wa Toyota wa kurekebisha muda wa valvu kufunguka. Ila taa si zinabadilishwa tu bwana, mafundi Arusha wamejaa, kwa hiyo vuta mkanda wa siti mpaka mwisho, kule chini kuna kilebo kimeshonewa kina tarehe mkanda ulipotengenezwa, hicho wengi wanakisahau. Giaboksi nayo inasema, otomatiki ya V8 mwanzoni 1998 ilikuwa gia 4, modeli ya 2003 wakaweka 5. Af, mbali na mwaka, lala chini ucheki chasisi, kama gari limepiga safari za mbugani vumbi la Ngorongoro halifichiki.