"Hire" au "rent"? Kwa wenye boti, vespa na nyumba za kukodisha

Kibao cha vespa pale Nungwi au Paje kiandikwe "for hire" au "for rent"? Vyote viwili mgeni ataelewa. Lakini vitenzi hivi havibadilishani kila mahali, na kipimo unacho tayari: kabla hujaandika, jiulize kwa Kiswahili ungesema kupanga, kuajiri au kukodi.

Ikiwa ni kupanga, andika "rent". Nyumba, fremu ya duka, chumba cha mwezi mzima, vyote huko. Ikiwa ni kuajiri, andika "hire": dereva, mpishi, nahodha. Ukisema "rent a captain" umemfanya nahodha kuwa mali ya mtu.

Utata uko kwenye kukodi. Kwa Mwingereza, kitu cha saa au siku chache, kama baiskeli, boti au ukumbi wa harusi, kwa kawaida ni "hire". Mmarekani kitu hicho hicho atasema "rent", na "hire" anaiweka zaidi kwa watu. Kwa wageni mchanganyiko, chombo kitupu kiandikie "for rent". Boti inayokwenda na nahodha wake iandikie "boat for hire with captain", kisha saa na kama mafuta yamo ndani ya bei.

Mgawanyo huu una asili yake. "Hire" ni neno la Kiingereza cha kale lenye maana ya ujira, malipo ya kazi au ya kutumia kitu. Jamaa yake wa Kijerumani, Heuer, ni mshahara wa baharia. Wa Kiholanzi, huur, ni kodi ya nyumba. "Rent" imetoka Kifaransa cha kale, rente, nacho kimelitoa kwenye kitenzi cha Kilatini cha kurudisha. Ilikuwa nomino kwanza, pato la mwenye mali, hasa ardhi. Ndiyo maana "the rent" peke yake mpaka leo ni kodi ya nyumba, na ndiyo maana haimfai mtu. (Kamusini utakuta "rent" nyengine, ya kuchanika. Hiyo ina mzizi wake mbali, iache.)

Kosa linaloleta ugomvi wa pesa ni la upande. Kiswahili kina -isha: mteja anakodi, mwenye chombo anakodisha. Kiingereza kazi hiyo kinampa "out". Mwenye boti akisema "I hired a boat yesterday", msikilizaji anaelewa kwamba alichukua boti ya mtu. Alitakiwa kusema "I hired out my boat". "Rent" ina utata zaidi, kwani bila "out" inaweza kumaanisha pande zote mbili. Kwenye mkataba usiiache hivyo; taja nani mwenye mali na nani anayelipa.

Tahajia nayo inaumbua. "Hire" hutamkwa sawa na "higher", kwa hiyo anayeandika kwa kusikia huandika "bikes for higher", yaani za juu zaidi. Anayechanganya r na l huandika "house for lent", na "lent" ni kuazimisha kulikokwishapita.

Chumba cha hoteli cha siku 2 au 3 hakitaki lolote kati ya haya. Mgeni hufanya "book".