Kufundisha matamshi ya Kifaransa kwa simu: kwa wakufunzi wa waongoza watalii Bagamoyo

Mwongoza watalii akisema «Regardez au-dessus de la porte» pale Mji Mkongwe, mgeni huinua macho kutazama nakshi juu ya mlango. Akiteleza akatamka «au-dessous», mgeni anainama kutafuta kitu chini ya mlango. Kinachoyatofautisha maneno hayo mawili ni irabu moja, ile u ya «dessus», nayo Kiswahili hakina.

Daftari ndilo linaloharibu. Mswahili akiiona herufi u, huisoma u, na hiyo kwa Kifaransa ni «ou». Kwa hiyo sauti itangulie, maandishi yafuate.

Chagua sentensi nane za kazini, si zaidi. Rekodi chumbani, dirisha limefungwa, simu ikiwa shubiri moja kutoka mdomoni na pembeni kidogo, pumzi isije ikapiga maikrofoni. Ufukweni hapafai, upepo utameza s na f zote. Kila sentensi iwe na faili lake. Usiivute silabi kwa silabi. Itamke kwa mwendo wa kawaida, mwanafunzi aipunguze kasi mwenyewe kwenye VLC, programu ya kuchezea sauti na video, hadi 0.75. Kama matamshi yako yana walakini, tumia sauti ya simu inayosoma maandishi, ila kwanza pakua sauti ya Kifaransa kwenye mipangilio. Bila hiyo, simu huweza kusoma Kifaransa kwa lafudhi ya Kiingereza.

Irabu yenyewe ifundishwe kwa kamera ya mbele. Mwanafunzi atamke i ndefu, ulimi utulie palepale, kisha abinue midomo kama anayepiga mluzi. Ajirekodi video ya sekunde kumi. Wengi midomo ikibinuka ulimi nao hurudi nyuma, inatoka «ou» ileile. Akikwama, arudi kwenye i aanze upya.

Baada ya hapo tengeneza kadi za marudio kwenye AnkiDroid, programu ya bure ya simu za Android inayomletea mwanafunzi kadi azirudie kwa ratiba. Mbele weka sauti peke yake. Nyuma sentensi na maana yake. Programu huja imepangwa kutoa kadi mpya 20 kwa siku: shusha hadi 5, la sivyo marudio yatarundikana na mtu ataacha wiki ya pili. Unapotoa fungu la kadi ili uwatumie, weka tiki kwenye kujumuisha sauti, maana bila hiyo kadi zitafika bubu. Ratiba yako ya marudio usiijumuishe, wasije wakarithi maendeleo yako. Likishapokewa, halihitaji bando tena.

Kazi ya nyumbani ni ujumbe wa sauti wa WhatsApp, kila mmoja akutumie wewe faragha. Kwenye kundi, wa pili humwiga wa kwanza pamoja na makosa yake. Jibu kwa sauti pia: rudia neno alivyolitamka, kisha linavyotakiwa, mara mbili. Kosa moja kwa ujumbe mmoja. Ukimrundikia matano hatarekebisha hata moja.