Boti Naivasha wikendi: angalia haya kabla hujatuma M-Pesa

Sisi watu wa Nairobi tukienda Naivasha tunapanga kila kitu, nani analeta gari, kila mtu anachanga ngapi, choma italiwa wapi, lakini boti tunaikumbuka tukishafika. Kijana anakuja dirishani hata hujazima gari, "boss, nikupeleke Crescent Island, viboko wako hapo tu, bei tutaelewana", mnavutana bei kidogo, mnatuma pesa, na baada ya muda mfupi mko katikati ya ziwa na hakuna aliyeuliza kitu kingine chochote. Sasa shida ni kwamba karibu kila kitu kitakachoamua kama mtarudi salama kinaonekana mkiwa bado mmesimama kwa nchi kavu, na nguvu ya kusema "hii hapana" unayo kabla ya kulipa. Boti ikishatoka wewe ni mzigo kama mizigo mingine.

Kwanza saa. Naivasha asubuhi maji huwa yametulia, halafu mchana jua likishawaka upepo unaamka, na kufika saa nane, saa tisa, mawimbi yanapiga vizuri na boti ndogo inaanza kuruka ruka. Ziwa liko juu, zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na bonde lenyewe ni njia ya upepo. Lakini angalia venye siku yetu inaenda: mnatoka tao saa nne juu kuna mtu alichelewa, mnasimama viewpoint mnapiga picha, mnakula, mnakunywa, ndio mnakumbuka boti saa tisa, yaani mmechagua ile saa mbaya kabisa na tumbo zimejaa na wengine tayari wako na chupa tatu. Geuza tu ratiba. Tokeni Nairobi saa kumi na mbili, boti saa tatu, choma baadaye na mtaifurahia zaidi. Hata ndege utawaona wengi asubuhi. Kama mmefika mmechelewa na maji yanaonyesha povu jeupe juu ya mawimbi, achaneni na boti siku hiyo, nendeni mkatembee mbuga ya Hell's Gate.

Sasa laifu jaketi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndio kitu watu wanadharau kuliko vyote. Takwimu za walinzi wa pwani wa Marekani, ambao huandika ajali za boti za starehe kila mwaka, zinaonyesha mwaka baada ya mwaka kwamba kati ya waliokufa maji, zaidi ya asilimia 80 hawakuwa wamevaa jaketi. Hawakuwa wamevaa, si ati boti haikuwa nayo. Mara nyingi iko pale chini ya kiti. Boti ikipinduka huna nafasi ya kutafuta jaketi na kufunga vifungo vitatu vya mikanda ukiwa unameza maji, kwa hivyo jaketi inavaliwa ukiwa kwa nchi kavu na inavuliwa ukirudi kwa nchi kavu, basi, hata kama kepteni mwenyewe hajavaa, hata kama inaharibu picha.

Na usichukue tu yoyote unayopewa. Ishike. Finya ile sponji ya ndani kwa vidole, ikirudi haraka iko sawa, ikibaki imebonyea au ikivunjika vunjika kama mkate mkavu hiyo imekaliwa na watu miaka mingi, haielei vizuri tena. Vuta kitambaa mahali kimepauka na jua uone kama nyuzi zinaachana. Funga kila kifungo, na kama kimoja kimevunjika wakafunga na kamba ya manila, rudisha uombe ingine. Ukishaifunga, inua mikono juu, mwambie mwenzako akamate jaketi kwa mabega avute kwenda juu. Kama inapanda mpaka masikioni, kwa maji itakutoka kabisa, kwa hivyo kaza au tafuta saizi yako. Ndani huwa kuna lebo imeandikwa kilo za mtu na namba ya Newton, yaani nguvu yake ya kukuelesha. 50 ni ya mtu anayejua kuogelea na yuko karibu na msaada, wewe ambaye kuogelea kwako ni kusimama kwa shallow end unataka 100 kwenda juu. Na kama asubuhi kuna baridi, vaa koti kwanza halafu jaketi juu yake, usifiche jaketi ndani ya koti.

Watoto. Mtoto hapewi jaketi ya mtu mzima "ikazwe tu". Atateleza atoke chini na jaketi ibaki inaelea peke yake. Anataka ya saizi yake, yenye mkanda unapita katikati ya miguu. Ukiambiwa hakuna za watoto, basi watoto hawapandi, na ukiona hiyo itakuletea kelele nyumbani nunua yake uweke kwa gari, inakaa miaka kadhaa mpaka akue. Hii ni hata kwa zile boti ndogo za Uhuru Park, mtoto hahitaji maji mengi ndio apatwe na kitu.

Ukimaliza na jaketi, angalia boti yenyewe na mtu anayeiendesha. Kenya Maritime Authority, mamlaka ya serikali ya usafiri wa majini, ndio hukagua na kutoa leseni za vyombo vidogo, kwa hivyo kuuliza cheti cha ukaguzi si ujeuri, kepteni aliyenacho hata hakasiriki. Uliza boti inabeba watu wangapi kabla hujasema nyinyi mko wangapi. Hiyo mpangilio ni muhimu, juu ukianza na "tuko tisa" jibu litakuwa "inabeba tisa". Tuna mazoea ya matatu, mmoja akae hapo kwa kifuniko cha injini, tutabanana, lakini matatu ikizidiwa inaenda polepole na boti ikizidiwa inakaa chini na wimbi dogo tu linaingia ndani. Chunguza ubavu wa boti watu wakiendelea kupanda. Kama maji tayari yako karibu na ukingo na hamjatoka hata gati, gawanyikeni mara mbili, mlipe zaidi.

Kuna kamba moja nyekundu iliyojikunja kunja kama waya ya simu za zamani, upande mmoja iko kwa injini na upande wa pili inafaa kuwa kwa mkono au mguu wa kepteni. Akianguka majini kamba inachomoka na injini inazima hapo hapo. Bila hiyo, kepteni akianguka boti inaweza kuanza kuzunguka peke yake na propela inarudi kwa wale walioanguka. Wengi wanaiacha imechomekwa tu hapo kwa injini haijafungwa kwa mtu, kwa hivyo mwambie polepole, "kepteni, hiyo kamba si ufunge kwa mkono". Halafu tazama kama kuna makafi, kitu cha kutoa maji, nanga na kamba ndefu. Makafi si mapambo: Naivasha iko na gugu maji ambalo linajifunga kwa propela na injini inakufa, na tangu maji yalipopanda sana miaka ya 2019 na 2020 kuna miti mikavu na hata fensi za watu zimebaki ndani ya ziwa, zingine huzioni. Boti inayokimbia mbio karibu na ile miti ili mpate video kali, hiyo mwambie apunguze.

Kabla ya kutoka mtumie mtu aliyebaki nchi kavu, au hata mtu Nairobi, jina la beach, namba ya kepteni na saa mnayotarajiwa kurudi. Simu weka kwa mfuko wa plastiki wa zip, ikiwa imechajiwa. Simu iliyozama haipigi mtu.

Ndani ya boti mambo ni machache. Kaa, na ubaki umekaa. Ile hatari inayosahaulika ni kiboko akionekana: mtu anapiga kelele "yule pale!", wote mnasimama, wote mnaenda upande mmoja na simu juu, na boti inalala. Kepteni mzuri huwaambia mapema kwamba atageuza boti ndio kila mtu aone akiwa amekaa. Na kiboko mwenyewe si wa kusogelewa. Anaweza kukaa chini ya maji dakika kama tano, kwa hivyo ukimwona amezama usifikiri ameenda, na boti haifai kukaa kati yake na maji ya kina kwa sababu huko ndiko anakokimbilia akishtuka. Ukirudi ufukweni jioni pia angalia unapokanyaga, wanatoka kula nyasi giza likianza. Mwaka 2018 mtalii wa Taiwan aliuawa pale Naivasha akipiga picha za kiboko, na alikuwa ufukweni, hakuwa hata kwa boti.

Pombe sitaongea sana. Jua, upepo na kutikisika vinaongeza ulevi, na mlevi akianguka hajui juu ni wapi. Kunyweni mkirudi. Na kepteni akinuka pombe hakuna mjadala, hata kama mmeshamlipa.

Haya, imepinduka. Kitu cha kwanza ni kubaki na boti. Boti nyingi hizi, hata ikigeuka juu chini, bado zinaelea kidogo, na watu wanaokutafuta wanaona boti haraka kuliko wanavyoona kichwa. Shika, panda juu ya tumbo lake kama unaweza, itaneni majina mhesabiane. Ukijikuta chini ya boti usipanick, mara nyingi kuna hewa imebaki hapo, vuta pumzi, shika ukingo ujivute utokee upande, mbali na injini. Ufukwe utaonekana uko hapo tu na kijana mmoja atasema anaogelea kuleta msaada. Mkatazeni. Maji hudanganya umbali, na yeye ataishiwa nguvu nusu ya njia. Kama huna jaketi, lala chali, masikio yaingie majini, mikono panua, tulia mpaka pumzi irudi, halafu shika chochote kinachoelea, cooler box, mtungi mtupu wa petroli uliofungwa kifuniko. Mkiwa na jaketi kunjeni magoti kifuani na mkumbatiane, watoto katikati, joto likae.

Kumwona mwingine anazama ni ngumu kuliko watu wanavyodhani kwa sababu hapigi kelele. Kichwa kimelala nyuma, mdomo uko sawa na maji, mikono inasukuma maji chini kama anayepanda ngazi, na hiyo haichukui hata dakika moja kabla hajapotea. Usirukie. Mtu anayezama atakupanda kichwani hata kama ni ndugu yako wa damu. Mtupie jaketi, kamba, mtungi, mnyoshee kafi, na injini izimwe kabla ya kumsogelea na boti.

Mkimtoa na hapumui, achaneni na mambo ya kumning'iniza kichwa chini au kumkanyaga tumbo maji yatoke, hiyo inapoteza muda na matapishi yanaingia mapafuni. Mlaze chali, rudisha kichwa nyuma kidogo, ziba pua, mpulizie pumzi 5, halafu kandamiza katikati ya kifua kwa mikono miwili mara 30, sentimita 5 hadi 6 kwenda chini, haraka, kama mara mbili kwa sekunde, pumzi 2, tena 30, msiache mpaka apumue au msaada ufike, na mpokezane juu inachosha. Mwingine apige 999 au 112, ama Red Cross 1199. Akiamka bado apelekwe hospitali hata akisema yuko poa, kupumua kunaweza kuharibika masaa baadaye. Red Cross na St John Ambulance hufundisha haya Nairobi, na chama cha akina mama au grupu ya ofisi mnaweza kuchanga mkafunzwa pamoja.

Ukiwa Kisumu sheria ya asubuhi ni ile ile, tena zaidi, Ziwa Victoria dhoruba inaweza kuja mara moja na ziwa lenyewe halina mwisho. Pwani ni hesabu nyingine kabisa: hapo unauliza maji yanajaa na kupwa saa ngapi, juu wakati wa bamvua, yaani mwezi mpya na mwezi mpevu, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3 na mkondo unavuta kwa nguvu pale kwa mlango wa mwamba, na miezi ya kusi, ule upepo wa kusini, hasa Juni mpaka Agosti, bahari nje ya mwamba huwa imechafuka. Mzee wa hapo Watamu au Diani akikuambia leo hatutoki, usiende kutafuta kijana mwingine wa kukutoa kwa bei nafuu. Na kama ni ile safari ya jioni ya jahazi, uliza taa iko wapi kabla jua halijazama, na mwambie aiwashe uione.