Jinsi ya kufuatilia historia ya divisheni ya Wajerumani bila kuchanganya madesa

Wadau, juzi nimekaa na mdogo wangu anayesoma historia chuo, anaandika kuhusu Divisheni ya 295 ya askari wa miguu ya Wajerumani, Vita vya Pili vya Dunia, kakwama palepale nilipokwama mimi enzi hizo, nikaona niiweke hapa.

Hatua ya 1. Tafuta namba za regimenti zake, yaani vikosi vikubwa vinavyounda divisheni. Ya 295 ni 516, 517 na 518. Ziandike kwenye daftari, simu weka pembeni.

Hatua ya 2. Hapa tulia kabisa maana mi zilinipotea siku mbili nzima. Namba moja inaweza kuwa divisheni mbili! 295 iliundwa 1940, ikaingia Ukraine 1941 chini ya Jeshi la 17, ikafia Stalingrad Januari 1943, kamanda wake Otto Korfes akatekwa na Wasovieti. Sasa nasoma mbele naikuta 295 iko Norwei mpaka vita inaisha 1945, nikajua nimekosea tarehe, nikaanza kufuta noti zangu, kumbe zilikuwa sawa tu, Wajerumani waliunda nyingine kwa namba ileile wakaipeleka huko kulinda pwani. Kwa hiyo piga mstari kwenye 1943, na kila karatasi unayoshika jiulize ni ya 295 ya Stalingrad au ya Norwei. Halafu Oktoba 1942 regimenti za infantri, yaani askari wa miguu, zilibadilishwa jina zikawa za grenadia, ukikuta Grenadia 517 usiihesabu kama kikosi kipya.

Hatua ya 3. Shajara ya vita, kwenye katalogi inaandikwa KTB. Hifadhi ya nyaraka za kijeshi iko Freiburg, Ujerumani, maikrofilamu za Marekani za divisheni ni mfululizo wa T-315. Anza na faili za Ia, yaani operesheni. Kumbukumbu za majenerali ziache mwisho, wengi waliandika kujisafisha.

Hatua ya 4. Tafuta raia walifanywa nini. Agosti 1941 kwenye mji wa Bila Tserkva, Ukraine, watoto wa Kiyahudi kama 90, wazazi wao wameshauawa, walifungiwa kwenye jengo bila chakula wala maji. Makasisi wa jeshi wakaripoti, Luteni Kanali Helmuth Groscurth, Ia wa 295 mwenyewe, akasimamisha mauaji na kuandika ripoti, lakini Fildi Masha von Reichenau, mkuu wa Jeshi la 6, akaamuru yaendelee, wakapigwa risasi wote. Mdogo wangu alikuwa kaiweka kwenye tanbihi. Nimemwambia aitoe huko, aipe sura yake nzima, na jana kaanza kuiandika.