Jinsi ya kumuelewesha mtoto mdogo siasa na uchaguzi

Sisi wa Dodoma watoto wetu wanakua wanaona misafara kila siku, Bunge la bajeti likianza mwezi wa nne mji unajaa, gesti hazipatikani, halafu mtoto akiuliza "mama wale ni kina nani?" anajibiwa nyamaza hayo ya wakubwa. Sasa asipoyasikia kwako atayasikia kwenye bajaji au kwenye simu ya dada, na huko hakuna wa kumuelewesha taratibu.

Usianze na rais. Mtoto wa miaka mitano rais kwake ni picha tu ya ukutani. Anza na mwenyekiti wa mtaa maana huyo anamjua, anapita hapo nje, anasalimia. Siku unafuata barua ya utambulisho nenda naye ofisi ya mtaa, aone barua inaandikwa, aone muhuri unagongwa, mkiwa njiani mnarudi mwambie huyu hakuletwa na mtu, watu wa mtaa huu walipiga kura Novemba 2024, na ikifika 2029 watapiga tena, wakitaka wanambakisha wakitaka wanaweka mwingine. Hapo tu ameshapata kitu kikubwa, kwamba cheo kina mwisho. Baadae ndo mnapanda, diwani wa kata, mbunge wa jimbo, rais wa nchi nzima, na kila ngazi mpe kitu cha kushika: mtaro uliojaa takataka unaanza kumuuliza nani? sheria inapitishwa na nani?

Halafu pigeni kura nyumbani. Hili ndo naliamini kuliko yote, ila lifanyeni kweli sio kuigiza. Tafuta jambo ambalo wewe mzazi uko tayari kweli kushindwa, mfano jumapili twende Nyerere Square au Chinangali Park, au mchana tupike pilau au wali maharage. Kama una jibu lako tayari kichwani usiite kura, sema tu leo nimeamua mimi, mtoto anaelewa vizuri tu.

Chukua boksi la viatu utoboe juu. Karatasi chora picha maana hata karatasi za kura za ukweli zina picha za wagombea, asiyejua kusoma naye anapiga, pembeni ya kila picha weka kaboksi ka kuweka vema. Aingie chumbani peke yake, aweke vema, akunje, atumbukize. Asioneshe mtu! Na wewe usimuulize kamchagua nani, hata akitaka kukunong'oneza mwambie hiyo ni siri yako. Mpake kalamu kidoleni, watakuambia hiyo ndo sehemu tamu kuliko zote. Akiweka vema kote kote, muoneshe kwamba hiyo imeharibika, haihesabiwi, japo alikua na nia njema.

Kuhesabu msiharakishe. Toa karatasi moja moja, inyanyue kila mtu aione, taja kwa sauti, mmoja aandike, na yule aliyekua anataka upande mwingine akae karibu kabisa na boksi kama wakala wa chama anavyokaa kituoni. Hapa mtoto anajifunza kwamba kuhakikisha sio ukorofi, ni haki yake.

Aliyeshindwa atalia, hasa mdogo. Usimbadilishie matokeo ili anyamaze jamani, na usimruhusu mshindi amzomee. Mbembeleze, mwambie zamu ijayo anaweza kutushawishi kabla ya kura, aje na sababu zake. Na mkifika huko park aliyeshindwa naye apate ice cream yake kama wengine, maana aliyeshinda anaongoza mpaka wale wasiomtaka.

Mambo ya vyama nenda nayo polepole. Mwambie vipo vingi, vilirudi 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa vyama vingi baada ya hapo ulikua 1995, wewe unaweza kua na chako na jirani ana chake na bado mnaazimana chumvi. Kumvisha mtoto wa miaka sita tisheti ya chama na kumfundisha kutukana upande wa pili mi sikubali kabisa, hajafika miaka 18 ya kupiga kura, mwacheni.

Kama yuko la tatu la nne hivi, angalieni pamoja Bunge kwenye tivii, aone siwa, lile rungu la Bunge, inaingia, asikie Spika akihoji wanaosema ndiyo na wanaosema siyo. Wa kike mwambie Anne Makinda alikikalia kile kiti toka 2010 mpaka 2015, mwanamke wa kwanza.

Na atakuuliza kuhusu Oktoba 2025, kwanini intaneti ilizimwa, kwanini watu waliandamana. Usidanganye. Kwa maneno machache mwambie watu waligombana sana kuhusu uchaguzi, wapo waliokufa, na inauma, kisha muulize yeye kasikia nini na anaogopa nini. Picha na video za siku zile asioneshwe.

Ukiitwa mkutano wa mtaa nenda naye, akae mbele yako asikie mapato na matumizi yakisomwa, na akitaka kunyoosha mkono kuuliza kuhusu bomba la shuleni kwao, mwacheni aulize.